Kabla hujaizika PS4 yako, ifunguliwe kwanza

Kelele huanza polepole. Kwanza feni huongeza kasi mechi inapoingia kipindi cha pili, kisha inavuma tangu mashine inapowashwa, na hatimaye aliyelala chumba cha pili anauliza ni nani anayesaga mahindi usiku huu. Siku moja maandishi yanatokea kwenye skrini kwamba PS4 imepata joto kupita kiasi, mashine inajizima, na sebule inageuka baraza la familia. Kijana anasema ni wakati wa PS5. Baba anataka kujua imekuwaje kitu cha laki kadhaa kife kirahisi hivyo. Mama anasema heri, sasa vitabu vitafunguliwa.

Hesabu ya miaka inaeleza kwa nini mabaraza ya aina hiyo yameongezeka. PS4 iliingia sokoni Marekani na Ulaya Novemba 2013. Za toleo la kwanza zimeshavuka miaka 12, na nyingi kati ya zilizopo Dar es Salaam, Mombasa au Kampala hazikuanzia maisha huku. Zimekuja ndani ya makontena na mabegi ya wasafiri, zikiwa zimeshachezewa miaka kadhaa Uingereza, Marekani au Dubai. Nyuma yake zipo PS3 na Xbox 360, zinazokaribia miaka 20 au zimeshaipita. Na nyuma ya hizo ipo PS2, iliyoanza kuuzwa Japani Machi 2000, ambayo bado utaikuta inaingiza hela katika vibanda vya gemu vya uswahilini.

Wengi hulijibu swali la kutengeneza au kununua kwa kutaja bei. Fundi anataka kiasi gani, mpya inauzwaje, basi. Kwangu bei ni swali la tatu. La kwanza ni kitu gani hasa kimekufa ndani ya lile boksi. La pili ni kitu gani kimo humo ambacho mashine mpya haitakuja nacho. Anayeyaruka hayo mawili ndiye hulipa fundi leo, akalipa duka mwezi ujao, na bado akabaki na diski asizoweza kuzicheza.

Vumbi, umeme na mende

Tuanze na ile kelele. Ndani ya PS4 kuna chipu kubwa iliyoundwa na kampuni ya AMD, inayobeba pamoja kazi ya kukokotoa na ya kuchora picha. Inatoa joto jingi. Juu yake imepakwa pesti ya joto, dawa ya kijivu inayokaa kati ya chipu na chuma cha kupoozea ili joto lipite bila kukutana na mwanya wa hewa. Pesti hiyo hukauka baada ya miaka. Wakati huohuo feni imekuwa ikivuta vumbi la sebuleni, na vumbi limejibana kati ya mapezi ya kile chuma hadi hewa haipiti tena. Chipu inapata moto, feni inaamriwa kukimbia zaidi, na ndiyo sauti unayoisikia. Mashine haijafa hapo, inaomba kusafishwa.

Kufungua, kupuliza vumbi na kupaka pesti mpya ni kazi ndogo kwa fundi anayeijua, na ni miongoni mwa za bei nafuu kabisa. Toleo la kwanza la PS4 ndilo linalohitaji huduma hii zaidi, maana chipu yake ilikuwa ya nanomita 28. PS4 Slim, iliyotoka Septemba 2016, ilitumia chipu ya nanomita 16, inayokula umeme mdogo na kutoa joto kidogo. Hata hivyo Slim nayo haili vumbi ikashiba. Mashine iliyowekwa ndani ya kabati la televisheni lenye mlango wa kioo, katika nyumba iliyo kando ya barabara ya vumbi, inahitaji kufunguliwa kila baada ya mwaka mmoja au miwili, iwe inapiga kelele au la. Wahenga wa ufa na ukuta wangelielewa hili bila maelezo marefu.

Kisha umeme. Wetu, Tanzania, Kenya na Uganda, ni wa volti 230 hadi 240, na una tabia zake. Pawasaplai ya PS4 hupokea kuanzia volti 100 hadi 240, kwa hiyo iliyotoka Marekani inaweza kuchomekwa hapa bila wasiwasi. PS2 ya soko la Japani imetengenezwa kwa volti 100, na adapta ya Xbox 360 ya soko la Marekani haikukusudiwa kuonja volti 240. Ukiichomeka moja kwa moja ukutani utasikia mlio mfupi, kisha harufu. Wengi huondoka hapo wakiamini mashine yote imeungua. Mara nyingi kilichoungua ni pawasaplai tu, au fyuzi iliyomo ndani yake, na bodi kuu iko salama. Pawasaplai ni kipande kinachotoka kwa bisibisi na kurudi kwa bisibisi. Tahadhari moja tu: usiifungue pawasaplai yenyewe, kwa sababu kapasita zake hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa waya. Mwachie fundi.

Umeme unapokatika ghafla katikati ya mchezo, anayeumia ni hadi diski. Ndiyo maana PS4 huwaka tena ikilalamika kwamba haikuzimwa ipasavyo, kisha inaanza kukagua hifadhi yake. Ikipitia hayo kila wiki kwa miaka, kuna siku haitamaliza kukagua. Dalili zake zinajulikana: gemu zinachelewa kufunguka, mashine inaganda kwenye menyu, au inadai ipewe programu upya kupitia USB. Hapa watu hutupa mashine nzima kwa sababu ya kipande kinachopatikana katika kila duka la kompyuta. Hadi diski ya PS4 ni ya kawaida, ya inchi 2.5, ileile ya kompyuta mpakato. Katika toleo la kwanza ukitelezesha kifuniko cha juu na kufungua skrubu chache, umeifikia. Programu ya kuisimika upya inapakuliwa bure kwenye tovuti ya Sony na kuwekwa kwenye flashi. Ukiweka SSD badala ya diski ya zamani, mashine ya 2013 itafungua gemu kwa kasi ambayo haikuwahi kuwa nayo ilipokuwa mpya.

Mende ni habari nyingine. Anapenda mahali penye giza na joto, na PS4 inampa vyote viwili, pamoja na matundu ya kuingilia. Pawasaplai ya PS4 imo ndani ya boksi lenyewe, kwa hiyo hata mashine ikiwa imelala kuna uvuguvugu kidogo. Uchafu wao hulala juu ya bodi, hunyonya unyevu na kusababisha shoti. Pwani ongeza hewa ya chumvi, ambayo huleta kutu kwenye viunganishi vya chuma. Mashine iliyokaa Tanga au Mji Mkongwe na ile iliyokaa Dodoma hazizeeki kwa namna moja. Fundi akikuambia bodi yako imeota kijani kwenye miguu ya vipande, muulize kama kutu imefika kwenye chipu kuu au imeishia pembeni. Ikiwa pembeni, husafishika.

Tundu la HDMI ndilo jeraha la PS4 linalojulikana zaidi. Mtu anapita, anajikwaa kwenye waya, au kijana anaibeba mashine kwenda kwa rafiki na kuchomeka kwa pupa gizani. Ndani ya tundu kuna pini nyembamba mno, zikipinda picha inapotea. Taa inawaka nyeupe, pedi inaungana, sauti ya kuwaka inasikika, lakini televisheni inasema hakuna mawimbi. Kubadilisha tundu kunahitaji mkono wenye nidhamu: lehemu ya zamani inayeyushwa kwa hewa ya moto, tundu linatolewa bila kung'oa njia za shaba zilizopo chini yake, jipya linawekwa. Fundi hodari anaifanya kazi hii na mashine inarudi kama kawaida. Fundi wa kubahatisha anang'oa zile njia, na hapo kazi ya bei ya kati inageuka bodi iliyokufa. Uliza kwanza: umeshabadilisha tundu la PS4 mara ngapi? Naomba nione moja.

Upande wa diski kuna mtego ambao wenye mashine wengi hawaujui. PS4 ikishindwa kusoma diski, mara nyingi lenzi imechoka au ni chafu, na lenzi inabadilishika. Lakini katika PS4 za matoleo ya mwanzo kifaa cha kusomea diski kina bodi yake ndogo, na bodi hiyo imefungwa kwa siri na bodi kuu ya mashine ileile iliyotoka nayo kiwandani. Ukiletewa kifaa kizima kutoka mashine nyingine, bodi yake ikiwa humo, hakitasoma gemu hata kama ni kizima kabisa. Fundi anayejua huchukua lenzi na mitambo ya kifaa kipya, kisha huifunga bodi ya zamani mahali pake. Kwa hiyo bodi hiyo isitupwe. Tatizo hili ni kubwa kiasi kwamba Oktoba 2021 ofisi ya hakimiliki ya Marekani ilitoa ruhusa maalumu ya kuvuka kufuli za kidijitali ili kukarabati vifaa vya diski vya mashine za gemu. Ruhusa yenyewe ilihusu vifaa vya diski tu.

Pedi sitazimalizia wino. Kijiti kikianza kumpeleka mchezaji kushoto wakati hujakigusa, kinabadilishwa, na siku hizi kuna vijiti vinavyotumia sumaku badala ya kusuguana, ambavyo haviishi kwa namna ile. Usinunue mashine mpya kwa sababu ya pedi.

Fundi akiwasha blowa

Sasa tufike kwenye kifo chenyewe, kwa sababu kipo.

Xbox 360 ilitoka Novemba 2005. Ndani ya muda mfupi wateja walianza kuona taa tatu nyekundu kuzunguka kitufe cha kuwashia, na mashine haikuwaka tena. Julai 2007 Microsoft ilikubali kurefusha dhamana ya tatizo hilo hadi miaka mitatu na kutenga zaidi ya dola bilioni 1 za kulipia marekebisho. Kwa miaka mingi maelezo ya mitaani yalikuwa kwamba lehemu iliyounganisha chipu na bodi ilipasuka. Ilikuwa ni miaka ambayo viwanda vilikuwa vinaacha lehemu yenye risasi, kufuatana na kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika Julai 2006, na lehemu mpya ililaumiwa kwa kila kitu. Lakini mwaka 2021, katika filamu ya historia ya Xbox iliyotolewa na Microsoft wenyewe, wahandisi walieleza kwamba viunganishi vilivyokatika vilikuwa ndani ya chipu, mahali kipande cha silikoni kinapokutana na kibao kidogo kinachokibeba. Mashine inapowashwa inapata moto na kutanuka, ikizimwa inapoa na kusinyaa, na vitu viwili visivyotanuka kwa kiwango kimoja huvutana hadi kiunganishi kinapasuka.

PS3 za mwanzo zilikuwa na ugonjwa wa ukoo huohuo. Taa inawaka kijani, inapita njano kwa nukta moja, kisha inamemeteka nyekundu. Wanaoshutumiwa zaidi ni chipu ya picha ya Nvidia iliyomo humo na kapasita zilizo jirani nayo.

Kwa nini habari hii ya Marekani na Japani inamhusu mtu wa Tandale? Kwa sababu ya blowa. Mashine ya aina hiyo ikifika mezani kwa fundi, dawa inayotolewa mara nyingi ni kuipasha bodi kwa hewa ya moto, kwa maelezo kwamba lehemu itayeyuka na kushika upya. Na kweli, mashine inawaka. Mteja anafurahi, analipa, anarudi nyumbani. Baada ya wiki mbili, au mwezi, inakufa tena. Joto lilikuwa limetanua vipande ndani ya chipu vikagusana kwa muda, bila kuunga kitu chochote. Mteja akirudi, bodi inapashwa tena, na safari hii inadumu siku chache. Kuna mafundi wanaofanya hivyo kwa kutojua na kuna wanaofanya kwa kujua. Kwa mwenye mashine matokeo ni yaleyale.

Kwa hiyo huu ndio mstari ninaouchora. Kilichoharibika kikiwa ni kitu kinachochakaa au kinachovunjika, yaani pesti, feni, pawasaplai, diski, lenzi, tundu au kijiti, tengeneza. Ikiwa ni chipu kuu yenyewe, usimpe mtu hela ya kuipasha. Wapo wapenzi wa PS3 huko nje wanaotoa chipu ya picha ya nanomita 90 na kuweka ya toleo la baadaye ya nanomita 40, isiyo na ugonjwa ule. Ni kazi ya kustaajabisha, lakini inahitaji vifaa na uzoefu ambavyo haviko kwenye meza ya kawaida ya fundi simu. Mashine moja tu ningeifikiria: PS3 za kwanza kabisa zilizouzwa Japani na Marekani Novemba 2006, ambazo zilibeba ndani chipu za PS2 na kwa hiyo husoma diski za vizazi vyote vitatu. Ukiwa nayo, usiitupe hata ikiwa imekufa.

PS5 ina jambo lake. Badala ya pesti ya kawaida, Sony iliweka chuma cha majimaji kati ya chipu na chuma cha kupoozea. Kinapitisha joto vizuri sana. Kinapitisha na umeme. Tone likihamia kwenye vipande vya jirani, shoti. Kuifungua PS5 hadi kuondoa vumbi la feni ni salama, lakini kuifungua hadi kwenye chipu ni kwa fundi aliyezoea kazi hiyo hasa. Mwenye PS4 anayedhani kwamba kununua PS5 kutamwondolea shida ya mafundi, na afikirie hilo kidogo.

Kilichomo ndani

Swali la pili, kilichomo ndani, husahaulika hadi siku ya kulia. Mchezo uliohifadhiwa kwenye PS4 uko ndani ya hadi diski, na umefungwa kwa mashine na akaunti yako. Ukichomoa diski na kuipachika kwenye PS4 nyingine, haitakuonesha chochote, itataka kufutwa. Mtoto aliyeijenga timu yake misimu sita katika gemu la mpira anaipoteza yote kwa dakika moja. Kabla fundi hajagusa diski, ikiwa mashine bado inawaka, nakili data za michezo kwenye flashi kupitia mipangilio. Ni jambo la dakika chache na halilipiwi.

Kisha diski za gemu. Sony imesema kwamba zaidi ya asilimia 99 ya gemu za PS4 huchezeka kwenye PS5, kwa hiyo anayetoka PS4 kwenda PS5 hapotezi maktaba yake, mradi PS5 hiyo ina sehemu ya kuingizia diski. Hapa ndipo wanunuzi wa huku wanapoumia. PS5 isiyo na kifaa cha diski huwa ya bei ya chini kidogo, na muuzaji huisifia kwa wepesi wake. PS5 Pro ya Novemba 2024 nayo inakuja bila kifaa hicho, unakinunua pembeni, na kinahitaji intaneti siku ya kwanza ili kusajiliwa kwenye mashine. Mwenye mashine isiyo na diski lazima apakue kila kitu. Gemu moja kubwa la leo linaweza kuzidi gigabaiti 100. Piga hesabu kwa bando lako.

Isitoshe, mtandao wa PlayStation haujafunguliwa rasmi kwa Tanzania wala Kenya. Wachezaji wa huku hujisajili kana kwamba wako nchi nyingine na kununua kadi za malipo za nchi hiyo. Inafanya kazi, lakini yakitokea matatizo huna ofisi ya kwenda kugonga mlango. Diski ya plastiki unaweza kuiazima, kuibadilishana na jirani, kuiuza Kariakoo ukichoka nayo. Gemu lililopakuliwa huwezi. Kwa soko letu, mashine yenye diski ni mali zaidi kuliko isiyo nayo, hata bei zikikaribiana.

Anayetoka PS3 au PS2 yuko katika hali tofauti kabisa. Diski za PS3 hazichezeki kwenye PS4 wala PS5. Kubadilisha mashine ni kuagana na maktaba nzima. Ikiwa una diski 30 za PS3 unazozipenda na kilichokufa ni lenzi, hakuna cha kujadili.

Na viwanda navyo vina saa yao. Sony iliacha kutengeneza PS2 mwanzoni mwa 2013, baada ya kuuza zaidi ya milioni 155, na mwaka 2018 ikafunga huduma ya kuikarabati Japani. Nintendo ilikuwa imeshafanya hivyohivyo kwa Famicom yake ya 1983 mwaka 2007. Microsoft ilifunga duka la mtandaoni la Xbox 360 Julai 2024. PS4 inaelekea huko ingawa haijafika: FC 26 ya Septemba 2025 ilitoka kwa PS4 pia, lakini GTA VI imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series X na S pekee. Kama kijana wako hoja yake ni GTA VI, ukarabati wowote wa PS4 hautamjibu, na ni afadhali mzungumze ukweli huo kuliko kumlaumu fundi. Kama hoja yake ni kucheza mpira na wenzake jioni, PS4 iliyosafishwa inamtosha kwa miaka kadhaa.

Mwenye kibanda anafikiri kwa njia yake, na ana haki. Kwake mashine ni mtaji, na kila siku inayolala kwa fundi ni mechi ambazo hazikulipiwa. Ndiyo maana wenye vibanda wenye akili hawana mashine nne zinazofanya kazi tu. Wana nne zinazofanya kazi na moja mbovu ya aina ileile chini ya meza, kwa ajili ya vipuri. PS2 mbovu inatoa lenzi, feni, bodi ya vitufe na kifuniko. Mfumo huo ndio uliozifanya PS2 zidumu huku kuliko kwingi. Kwa mwenye kibanda, kununua aina tofauti ya mashine kunamvurugia pedi, diski na vipuri vyote kwa pamoja, kwa hiyo akinunua, anunue ya aina aliyonayo.

Sasa bei

Tukishajua kilichokufa na kilichomo, bei inakuwa rahisi. Kanuni ninayoikubali ni ya nusu: gharama yote ya ukarabati, kipuri pamoja na ufundi, ikipita nusu ya bei ya mashine ya aina hiyohiyo iliyotumika na inayofanya kazi, usitengeneze. Linganisha PS4 na PS4. Kosa linalofanyika ni kulinganisha bei ya fundi na bei ya PS5 mpya ya boksi. Kwa kipimo hicho kila ukarabati utaonekana wa bei poa, hata ule wa kijinga wa kupasha chipu.

Ukiamua kununua iliyotumika, usilipe mlangoni. Iwashe dukani, ingiza diski na uicheze nusu saa bila kuizima, usikilize feni. Tingisha waya wa HDMI kidogo uone kama picha inakatika. Jaribu kuingia kwenye mtandao kwa akaunti yako, maana mashine iliyofungiwa na Sony haitaingia, na muuzaji hatakuambia. Soma volti kwenye lebo. Angalia skrubu za chini: zikiwa zimekwaruzwa, imeshafunguliwa, na una haki ya kuuliza kwa nini. Kufunguliwa si dhambi. Aprili 2018 tume ya biashara ya Marekani iliziandikia kampuni sita, zikiwemo Sony, Microsoft na Nintendo, kuzionya kuhusu kuwatisha wateja kwamba dhamana inakufa wakivunja stika au kwenda kwa fundi wa nje. Hata hivyo sheria za haki ya ukarabati zilizoanza kutumika Julai 2024 katika majimbo ya Minnesota na California ziliziacha mashine za gemu nje, na hilo linaonesha nguvu ya wenye viwanda. Huku kwetu hatuna sheria hizo wala duka rasmi la kila mtaa. Tuna fundi.

Na ile iliyokufa kabisa isiende jalalani. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2024 ilihesabu tani milioni 62 za taka za kielektroniki zilizozalishwa duniani mwaka 2022, na zilizorekodiwa kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo hazikufika robo. Kwa Afrika ni chini ya asilimia 1. Plastiki na lehemu za bodi zikichomwa uani, moshi wake wanaupumua watoto walewale waliokuwa wanacheza. Iuze kwa fundi au kwa mwenye kibanda kama vipuri. Pawasaplai, feni na kifuniko vya PS4 yako vina mtu anayevitafuta leo hii.

Kwa PS4 inayovuma, inayozima kwa joto, isiyoonesha picha au inayoganda, uamuzi wangu ni tengeneza. Kwa PS3 au Xbox 360 iliyokufa chipu, uza vipuri. Kwa PS2, nunua nyingine mbovu uunganishe mbili kuwa moja. Na ukifika kwa fundi, kaa pale pale akifungua. Mwombe akuoneshe kilichoharibika na akuambie ni kipande gani anachokwenda kubadilisha. Akianza kuwasha blowa kabla hajakitaja kipande hicho, funga mashine yako kwenye mfuko uende meza ya pili.